Mnamfukiza Nani?

Mvua za masika zikikolea Dar es Salaam na dengue ikianza kutajwa redioni, msishangae kuona pikapu imebeba mashine ya moshi. Kijana kajifunga kitambaa puani, mashine inanguruma, moshi uliochanganywa dizeli na sumu unatanda mtaa mzima. Watoto wanaukimbilia wakishangilia, na mheshimiwa diwani kasimama mbele ya kamera. Kesho yake asubuhi mbu yuleyule anakuuma ukiwa unakunywa chai.

Hakuguswa, ndiyo maana. Aedes, mbu wa dengue mwenye madoa meupe miguuni, hakai barabarani. Kajibanza nyuma ya kabati, chini ya kitanda, kwenye nguo zilizotundikwa. Na moshi ukikaribia, mama mwenye nyumba anafunga milango na madirisha, nani amlaumu? Moshi wenyewe unaua mbu aliye hewani kwa dakika hizo tu; majini haufiki. Mulikeni tochi ndani ya tairi lililotupwa nyuma ya gereji: viluwiluwi vinajinyonganyonga, na juu kidogo ya usawa wa maji yameganda mayai yanayoweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja mvua.

Sumu siichukii. Anayetaka viuatilifu vyote vipigwe marufuku aulize Zanzibar. DDT ilipulizwa majumbani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, malaria ikaporomoka. Mpango ukasimamishwa 1968, malaria ikarudi. Anopheles, mbu wa malaria, akishashiba damu hutua ukutani apumzike, na hapo ukutani sumu inamkuta. Ya barabarani ni hirizi.

Tena hirizi ya gharama. Sumu ya moshi mara nyingi ni pairethroidi, jamii ileile iliyomo kwenye vyandarua vyetu vyenye dawa. Mbu wanaoonjeshwa kidogokidogo wakanusurika huzaa kizazi sugu, na siku usugu ukishatapakaa, atakayelala ndani ya neti isiyoua ni mtoto wako, si wa mheshimiwa.

Kinachokera ni kwamba jiji hili lilishajionyesha njia. Kuanzia 2006, katika kata za Buguruni, Kurasini na Mikocheni, wakazi wenyewe walizunguka kila wiki, dimbwi kwa dimbwi, wakitia Bti, bakteria anayeua viluwiluwi bila kumdhuru binadamu wala samaki. Malaria kwa watoto ikapungua. Baadaye Kibaha kikajengwa kiwanda cha viuadudu vya namna hiyo, kwa teknolojia ya Cuba, na 2017 Rais Magufuli akaagiza halmashauri nchi nzima zikachukue dawa. Kiwanda kiko umbali wa daladala, nanyi mnatuletea moshi!

Basi diwani, kabla hujawasha mashine, tuonyeshe daftari la kata yako: madimbwi na mapipa mangapi, nani katia dawa, lini mara ya mwisho. Kama daftari halipo, hiyo dizeli itieni kwenye gari la taka, likazoe matairi.