Kabla ya jukwaa, kulikuwa na mizani

Makamanda, mnaikumbuka Januari 2023? Zuio la mikutano ya hadhara, lililoanza 2016, lilikuwa limeondolewa, nasi Mwanza tukafurika Furahisha. Siku ile nililia. Ila tusidanganyane: katika ile miaka ya kufungiwa, wengi wetu tulikaa tu tukisubiri ruhusa.

Wazee wetu wa Kanda ya Ziwa hawakusubiri. Kuanzia 1954 hadi 1958 mkoloni aliipiga marufuku TANU Usukumani. Hakuna tawi, hakuna mkutano. Lakini watu walishaungana, na kilichowaunganisha ni pamba. Mkulima alikuwa anapunjwa kwenye mizani, na mizani haikuuliza kama wewe ni Msukuma, Mkerewe au Mjita. Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma, akaongoza chama cha wakulima kilichoanza 1952. Kufikia 1955 vyama vya msingi vilikuwa chini ya Victoria Federation, ushirika ambao baadaye ulihesabika kati ya ule mkubwa kabisa Afrika. Kadi ya chama ilikatazwa, sawa. Nani angekataza watu kukutana kuuza pamba yao?

Ndiyo maana 1958, serikali ilipowaletea watu wa Geita halmashauri ya mseto wasiyoitaka, mamia walitembea kwa miguu mpaka Mwanza kupinga. Wakapigwa mabomu ya machozi. Halmashauri ile haikudumu, na mwaka huohuo TANU ikafunguliwa tena.

Sasa angalia kilichofuata. 1976, serikali ya chama hichohicho ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Walijua vizuri nguvu ya wakulima waliojipanga, maana iliwabeba wao.

Kwenye sheria tunafundishwa Ibara ya 20 ya Katiba: uhuru wa kukutana na kujiunga. Ni haki yetu, tuidai mahakamani na barabarani. Lakini haki hiyo inapata misuli pale watu wanapokuwa tayari wamoja.

Kwa hiyo swali langu kwako, kamanda: mvuvi wa Kirumba anakujua? Mama anayeuza dagaa Igombe anajua utamsaidia kusoma ile notisi ya ushuru, au anakuona msimu wa kampeni tu? Jukwaa wanaweza kulifunga tena kesho. Tuanzie kwenye mizani.

Tukutane mwaloni.