Bei ya gari la kale yapanda, mwenye gari anapata nini?

Kila mnada wa magari ya kale unapovunja rekodi, kurasa za biashara huwapongeza wamiliki wote wa magari ya aina hiyo kana kwamba kila mmoja wao amekabidhiwa hundi, ilhali ongezeko la bei haligeuki kuwa pato mpaka gari liuzwe. Mpenzi wa kweli wa gari la kale, yaani mtu aliyelinunua ili aliendeshe, alitengeneze na aishi nalo, ndiye hasa asiyekusudia kuliuza. Kwa sababu hiyo, kupanda kwa bei humfaa zaidi anayeuaga ushabiki huu kuliko anayebaki nao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ferrari 250 GTO, ambayo yalitengenezwa magari 36 tu kati ya mwaka 1962 na 1964, na ambayo ikiwa mpya iliuzwa Marekani kwa takribani dola 18,000. Mwaka 2018 mojawapo lilinunuliwa mnadani huko Monterey, California, kwa dola milioni 48.4, na Novemba 2023 jingine likafikia dola milioni 51.7 mjini New York. Nick Mason, mpiga ngoma wa kundi la Pink Floyd, alilinunua la kwake katika miaka ya 1970 kwa bei isiyofikia pauni 40,000, na ameendelea kulimiliki na kulipeleka mashindanoni. Kwa hesabu za karatasini mwanamuziki huyo amevuna kupita kiasi, tena sheria ya Uingereza inampendelea, kwa kuwa magari ya abiria hayatozwi kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni kodi ya faida itokanayo na kuuza mali iliyopanda thamani. Hata hivyo, akiliuza leo na kesho akalitamani tena, fedha zote alizopokea zitarudi kulekule zilikotoka, na huenda zikapungua kwa sababu ya ada ya mnada.

Wamiliki wa kawaida hawana Ferrari ya namna hiyo, na kwao hesabu ni kali zaidi. Jaguar E-Type, iliyozinduliwa mjini Geneva Machi 1961 na kuuzwa Uingereza kwa zaidi kidogo ya pauni 2,000, ilitengenezwa kwa wingi hadi mwaka 1974, yakatoka magari zaidi ya 72,000, ndiyo maana kwa miaka mingi mwalimu au fundi mwenye akiba ya wastani aliweza kuipata ikiwa mkweche na kuifufua polepole. Ichukuliwe kwamba mwenye E-Type ya paa gumu yenye thamani ya pauni 40,000 anatamani ile ya paa la kukunja inayouzwa pauni 60,000: anahitaji kuongeza 20,000. Bei zote zikipanda maradufu, gari lake litakuwa na thamani ya 80,000, lakini analolitamani litakuwa limefika 120,000, kwa hiyo nyongeza imekuwa 40,000, na mshahara wake haukupanda maradufu. Huyu ameambiwa kuwa ametajirika siku ileile ambayo ndoto yake imemkimbia.

Juu ya hilo huja woga. Soko huthamini mno ulinganifu wa namba, yaani hali ya injini na chasisi kubaki na namba zilezile zilizogongwa kiwandani, hivyo mmiliki ambaye zamani angefunga giaboksi ya gia tano ili asafiri kwa raha sasa huogopa kugusa chochote. Bei kubwa pia huzaa ughushi, na baya zaidi huharibu magari halisi: Ferrari 250 GTE za viti vinne, zilizokuwa za bei nafuu ingawa injini yake ya V12 ni ya ukoo mmoja na ya GTO, zimekatwakatwa bodi zao ili zigeuzwe nakala za GTO. Ni kweli kwamba si wamiliki wote wanaoogopa: katika Safari Rally ya magari ya kale, iliyoanza mwaka 2003, Porsche 911 na Datsun 240Z bado hupigwa na vumbi na mawe ya Afrika Mashariki, ingawa washiriki wengi huja na mafundi wao na vipuri vya kutosha kujaza duka.

Watetezi wa bei kubwa husema kwamba bila hiyo magari mengi yangeozea vichakani na vipuri visingetengenezwa. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ina ukweli, maana hakuna anayetumia pauni 100,000 kufufua gari litakalouzwa 30,000. Sehemu ya pili inapingwa na MGB, gari dogo la michezo lililotengenezwa kwa zaidi ya 500,000 kati ya 1962 na 1980 na ambalo bei yake imebaki ya chini: kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikilitengenezea bodi mpya nzima tangu 1988, kwa kutumia kalibu za asili. Kinacholeta vipuri ni wingi wa watu wanaoliendesha gari na kulivunja.

Wala bei hazipandi milele. Baada ya Enzo Ferrari kufariki Agosti 1988 wanunuzi walikopa ili wakimbilie magari yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko likaporomoka, likawaacha waliokopa na madeni makubwa kuliko magari, huku washabiki waliokuwa wamesukumwa nje wakipata nafasi ya kurudi.

Kwa mmiliki asiyekusudia kuuza, ongezeko hili linadai kwanza apitie upya bima yake kila mwaka, hasa ile ya thamani ya makubaliano, ambayo kiasi cha fidia huandikwa mapema katika mkataba. Gari likiteketea, kampuni italipa kiasi kilichoandikwa, hata kama sokoni bei imeshapanda mara tatu.