Nyonga Isiyo Nyonga

Saratani ya tezi kibofu, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita tezi dume, ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanaume wa Kenya. Juu ya kupimwa na kupasuliwa yamekwisha andikwa mengi. Lakini lipo jambo lifuatalo upasuaji ambalo halitajwi barazani wala nyumbani, na aghalabu hata tabibu hulipitia mbio: mwanamume aliyeondolewa tezi hiyo huweza kushindwa kuuzuia mkojo kwa wiki, kwa miezi, na wengine kwa mwaka na zaidi. Akikohoa, akicheka, akiinuka kitini, nguo hurowa.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kusomesha isimu, na hoja yangu ni ya lugha. Tiba ya kwanza ya tatizo hili haina kisu wala dawa. Ni maelekezo tu, na maelekezo hayo hayajamfikia mgonjwa kwa Kiswahili anachokielewa.

Mtaani petu Buxton yupo mzee mmoja aliyepasuliwa, akarudi nyumbani na karatasi iliyomwagiza afanye "mazoezi ya sakafu ya nyonga". Kwa Mswahili yeyote, nyonga ni pale paja linapoungana na kiuno. Mzee wa watu akaelewa alivyoelewa. Kila alfajiri akawa anatembea hadi Daraja la Nyali na kurudi, ili nyonga zipate nguvu. Akaenda hivyo mwezi mzima, na mkojo ukimtoka njiani. Mwishowe akaacha kutembea, akaacha baraza, kisha akaacha hata swala ya Ijumaa. Aliyeifasiri karatasi ile alifasiri maneno, hakufasiri maana.

Na maana yenyewe si ngumu. Mkojo una mabawabu wawili: mmoja yu shingoni mwa kibofu, wa pili yu chini ya tezi. Tezi inapoondolewa, bawabu wa juu aghalabu huondoka nayo au hujeruhiwa, na kazi yote humwangukia wa chini ambaye hakuizoea. Misuli inayomsaidia ndiyo ile ile tunayoikaza tunapozuia upepo usitutoke mbele ya wakwe. Basi mgonjwa aambiwe hivyo! Avute ndani, kama mtu anayeteremka baharini alfajiri, maji ya baridi yakamfika mapajani. Ahesabu hadi tano, na akiweza hadi kumi, kisha alegeze kwa muda uo huo. Arudie mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Matako, mapaja na tumbo vitulie, na pumzi isizuiwe. Kabla ya kukohoa au kunyanyua ndoo, akaze kwanza. Mpira wa mkojo ukiwa ungali ndani, asifanye. Lililo bora ni kufundishwa kabla ya kupasuliwa, angali na utulivu wa moyo. Maji asijinyime, ila kahawa chungu, na naogopa kulisema hili Mombasa, aipunguze, kwani hukichokoza kibofu.

Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alipoyaandika mazoezi ya namna hii, aliwakusudia akina mama waliojifungua. Wanawake wa pwani, kwa upande wao, wana somo na kungwi, wajuao kuutaja mwili bila kuvunja heshima. Mwanamume alifundishwa jandoni mara moja, basi. Hana kungwi wa uzeeni.

Alicho nacho ni neno "kikojozi", na hilo ni neno la kumzomea mtoto. Nani atakwenda kwa daktari, au kwa mwanawe, akajitaja kwa jina hilo? Hali ya kuwa lugha yetu haikukosa staha. Vitabu vya fiqhi vilimtambua zamani mtu asiyeweza kuuzuia mkojo, vikamwekea hukumu yake bila ya kumdhihaki: kwa wafuasi wa Imamu Shafii, hujisafisha, akajifunga kitambaa, akatia udhu baada ya wakati wa swala kuingia, akaswali faradhi yake, na swala ile ikasihi. Hukumu hii husomeshwa madrasa, nasi tukiwa vijana tuliipita tukidhani ni ya watu wengine.

Ukweli usemwe: mazoezi haya si muujiza. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kuondolewa tezi, wanaume waliofundishwa ana kwa ana na mtaalamu hawakuwapita waliopata huduma ya kawaida. Katika makundi yote mawili, takriban watatu kwa kila wanne walikuwa bado wakivuja, japo kwa kiasi. Wako watakaouliza, basi kelele zote hizi za nini? Jibu langu ni kwamba wale wa kundi la pili nao hawakuachwa gizani. Walipewa vijikaratasi vya ushauri kwa lugha yao, na baadhi yao walikuwa wakifanya mazoezi wenyewe. Hawakuwa wakitembea madarajani.

Atakayefika mwaka bila ya nafuu na arudi kwa daktari, kwani upo pia upasuaji wa kulirekebisha hilo. Mzee wetu hajafika huko. Siku hizi anajua cha kukaza, na Ijumaa mbili zilizopita nimemwona safuni.

Kwa upande wangu, katika karatasi hizo ningeifuta "sakafu ya nyonga" nikaandika "misuli ya kuzuilia". Wauguzi, mashekhe na wasomaji wenye neno bora kuliko hilo na walilete, tuliandike.