Shamba Lililonunuliwa Wakati wa Vita



Siku hizi, ukipita sokoni au ukikaa barazani, wasikia neno moja: dunia yaenda wapi? Bei zapanda, mvua haitabiriki, habari za vita zaingia kila nyumba. Mwingine auliza, “Kuna faida gani kupanda, au kumsomesha mtoto, nasi hatujui ya kesho?” Haya, tumtazame nabii Yeremia, aliyeishi katika hofu kuu kupita hii yetu.

Yapata mwaka 587 kabla ya Kristo, jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka mji wa Yerusalemu. Yeremia mwenyewe alikuwa kifungoni katika ua wa walinzi, kwa sababu alitabiri kwamba mji utatekwa. Ndipo ndugu yake wa ukoo, Hanameli, akamjia, akamtaka anunue shamba lake la Anathothi. Fikiri, msomaji! Anathothi ni karibu sana na Yerusalemu; adui yuko pale pale. Nani hununua shamba asiloweza hata kulikanyaga? Walakini Yeremia alitii neno la Mungu, akalinunua kwa shekeli 17 za fedha.

Mimi ni karani, hushinda na madaftari ya ubatizo na ndoa. Kwa hiyo napendezwa na namna alivyoifanya kazi hiyo. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akapima fedha kwa mizani. Tena hati zilikuwa mbili, moja ya muhuri na moja ya wazi. Akamwagiza Baruku azitie katika chombo cha udongo, zipate kudumu siku nyingi. Ndivyo aandikavyo mtu ajuaye kwamba siku moja hati itatakiwa.

Wala hakujidanganya. Mji ulianguka kweli, watu wakapelekwa uhamishoni. Yeremia mwenyewe alichukuliwa Misri, wala hatusomi popote kwamba alililima shamba lile. Lakini baada ya miaka karibu 50, mfalme Koreshi wa Uajemi akawaruhusu watu kurudi. Katika kitabu cha Ezra, sura ya 2, imeandikwa hesabu ya watu wa Anathothi waliorudi: 128. Mungu hakusahau.

Ndugu zangu, hofu ni mshauri mbaya. Humfanya mtu auze shamba kwa bei ya kutupa, amtoe mtoto shuleni, na usiku akapige hodi kwa mganga. Twakumbuka ukame wa Kenya, Ethiopia na Somalia: tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo wengi mno wakafa. Mwezi wa Machi 2023 mvua zikarudi. Aliyekuwa na mbegu akapanda. Aliyeila mbegu yake kwa njaa ya watoto hatumlaumu hata kidogo. Huyo alihitaji jirani wa kumgawia kibaba, maana mara nyingi Mungu hututunza kwa mkono wa jirani.

Wahenga walisema, baada ya dhiki faraja. Basi juma hili fanya jambo moja la kesho: panda mche, lipa karo, mgawie jirani mbegu. Yaliyobaki mwachie Mungu. Shamba ni lake.