Nyeupe au Malai? Rangi ya Kuta za Darasa

Katika vyuo vyetu somo la zana za kufundishia hushughulikia ubao, chati na ramani, lakini ukuta unaozibeba zana hizo haupewi nafasi. Shule ipatapo fedha za rangi, kamati hununua nyeupe, au hupaka chokaa, kwa kuwa ndiyo desturi. Sisi twaliona jambo hili kuwa la ufundishaji, wala si la fundi rangi peke yake.

Hoja ya wapendao nyeupe ina uzito. Nyeupe iliyo safi hurudisha kadiri ya asilimia 80 ya nuru inayoiangukia. Rangi ya malai hurudisha asilimia 70 hivi. Katika darasa lisilo na umeme, lenye madirisha madogo, tofauti hiyo si haba kwa mtoto aliyeketi nyuma siku ya mvua.

Lakini tuutazame ukuta wa mbele. Ubao ni mweusi. Ukizungukwa na weupe unaong'aa kwa jua la asubuhi, jicho hujilinganisha na ule weupe, na maandishi ya chaki husomeka kwa taabu. Mtoto hukunja uso, naye mwalimu humdhania mzito wa kusoma. Malai hupunguza ukali huo bila kulitia darasa giza, tena vumbi jekundu halionekani juu yake upesi. (Chokaa, kama kila mzazi afuaye sare ajuavyo, huhamia mabegani.)

Kwa hiyo twapendekeza dari na kuta tatu ziwe nyeupe, na ukuta wa ubao uwe malai. Sehemu ya chini, kimo cha mita moja hivi, ipakwe rangi ya mafuta ya kijivu ipate kuoshwa. Watakuwapo watakaolalamikia gharama ya kununua rangi mbili. Hata hivyo ukuta wa ubao ni mmoja tu.

Wala rangi isichaguliwe dukani kwa kutazama kikaratasi, maana hubadilika kufuatana na mwanga. Vipakwe vipande viwili vikubwa vya hadibodi, visimamishwe kwa zamu kandokando ya ubao, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Wanafunzi wa dawati la nyuma wanakili maneno yaliyoandikwa kwa chaki, kisha makosa yahesabiwe. Darasa la tano laweza kuichora grafu yake lenyewe, na kamati ipewe grafu hiyo kabla ya kununua debe la kwanza.