Kadi haijafa, imekosa dereva

WENGI wanaonunua tarakilishi zilizotumika ng'ambo na kuzitilia Linux hukumbana na kisa kimoja. Mashine inawaka vizuri, mtoto anaandika insha yake bila taabu, lakini akitaka kuingia kwenye intaneti, mtandao haupo. Mzazi huibeba mashine hadi kwa fundi, na huko huambiwa kwamba kadi ya mtandao imekufa, atoe pesa inunuliwe nyingine. Msomaji mpendwa, kabla ya kufungua mkoba, hebu tuichunguze kadi hiyo.

Kadi ya mtandao ni kama matatu. Hata iwe nzima na imejaa mafuta, bila dereva haiondoki stejini. Dereva wa kadi ni programu ndogo inayoielewa kadi na kuisemea kwa keneli, yaani kiini cha Linux. Mafundi huiita draiva.

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Katika miaka hiyo ya tisini, Donald Becker, aliyefanya kazi katika NASA, shirika la anga la Marekani, aliandika draiva nyingi za kadi za mtandao, zikatolewa bure. Tangu hapo draiva nyingi huja pamoja na keneli yenyewe. Basi mara nyingi dereva yumo nyumbani. Ni kumwamsha tu.

Kwanza, uliza kama mashine inaiona kadi. Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye neno Ethernet, ambayo ni kadi ya waya, au Network, ambayo kwa kawaida ni ile isiyo na waya. Katika mabano ya mraba utaona nambari mbili, kwa mfano 10ec:8168. Ya kwanza ni ya kiwanda: 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom na 8086 ni Intel. Ya pili ni ya aina ya kadi. Ziandike daftarini, kwani ndizo zitakazokuongoza kwa draiva inayofaa. Kadi ikiwa ni ya kuchomeka kwenye tundu la USB, tumia lsusb. Kadi isipoonekana kabisa, huenda imelegea au imezimwa katika BIOS. Ukikagua hayo na bado haionekani, basi huenda fundi alisema kweli.

Pili, tazama chini ya mstari huo. Ukiona "Kernel driver in use", dereva ameshika usukani. Ukiona "Kernel modules" peke yake, dereva yupo lakini amelala. Mwamshe kwa jina lililoandikwa hapo, kwa mfano:

sudo modprobe r8169

Neno sudo hukupa mamlaka ya msimamizi wa mashine, hivyo utaulizwa neno la siri. Amri ikinyamaza, imekubaliwa.

Tatu, ikiwa dereva yupo na kadi bado imegoma, sikiliza malalamiko yake:

sudo dmesg | grep -i firmware

Kadi nyingi zisizo na waya huhitaji pia femuwea, faili ambayo draiva huipakia ndani ya kadi kila mashine inapowashwa. Kwa miaka mingi Debian haikuziweka faili hizo katika diski yake rasmi, kwa kuwa si programu huru. Ilianza kuziweka katika toleo la 12, mwaka wa 2023. Aliyetumia diski ya zamani huzikosa, na dawa yake ni kifurushi cha firmware-realtek, au firmware-iwlwifi kwa kadi za Intel.

Utauliza: nitakipataje kifurushi bila mtandao? Chomeka simu yako kwa waya wa USB, kisha uiruhusu igawe intaneti kupitia waya huo. Kwa kawaida Linux huiona simu kama kadi nyingine ya mtandao.

Mwisho, andika ip link. Jina kama enp3s0 ni la kadi ya waya. Wlp2s0 ni la isiyo na waya. Ukisoma NO-CARRIER kwenye kadi ya waya, kagua waya na kifaa kilicho upande wa pili.

Kazi hii haigharimu chochote ila saa moja ya subira, na mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ijaribuni pamoja nyumbani leo, mzazi akisoma nambari na mtoto akiandika amri. Kwaherini hadi Jumapili ijayo.