Kabla Jua Lako Halijapanda Nguzo

 

Wazee wetu wa Dodoma na Singida walioishi kwenye matembe waliijua kazi ya paa. Paa la tembe ni bapa, limesiribwa udongo, na wakati wa mavuno palianikwa juu yake mtama na uwele. Jua la nyanda hizi lilishaajiriwa juu ya paa kabla hatujasikia neno umeme. Leo tunaezeka bati, na tunachoanika ni paneli za sola. Jua ni lile lile, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua kwetu ni ya kubahatisha.

Kilichobadilika ni kwamba paa limepata jirani: nguzo. Kwa miaka mingi sola ilikuwa ya mahali ambapo nguzo haijafika. Sasa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umesambaza nyaya, na Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Mji wa Dodoma nao umetanuka hadi Nkuhungu, Nzuguni na Iyumbu. Matokeo yake nyumba moja ina umeme wa aina mbili, wa paneli na wa shirika la umeme, TANESCO, na mwenye nyumba anauliza swali la haki kabisa: kwa nini nisiuunganishe? Mchana ukinizidi niwape wao, usiku wanirudishie.

Inawezekana, na utaratibu upo. Mwaka 2018 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilitoa kanuni zinazomruhusu mteja mwenye mtambo wake kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi, kisha uniti alizopeleka zikapunguzwa kwenye alizochukua. Wito wangu leo ni mmoja: usiunganishe kabla hujaomba.

Nasema hivi kwa sababu nilishawahi kupewa ushauri ambao nikiukumbuka hadi leo mwili unanisisimka. Fundi aliyekuja kunifungia paneli alitoa mfukoni waya mfupi wenye plagi kila upande. "Huku unachomeka kwenye inveta, huku kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka," akaniambia. Nikamuuliza, na umeme wa nguzo je? "Kwanza unazima meni swichi, ukikumbuka." Usiku ule sikulala vizuri kwa ajili ya neno hilo, "ukikumbuka". Roho ya mtu ilikuwa imewekwa rehani kwa kumbukumbu yangu.

Roho ya nani? Tazama juu ya nguzo. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Transfoma ya mtaani inaushusha kutoka volti 11,000 au 33,000, lakini haichagui mwelekeo. Ukiiingizia volti 230 kwa upande wa chini, inazipandisha kwa upande wa juu. Mara nyingi inveta ndogo itazidiwa na mzigo wa majirani na kujizima. Lakini upepo ukiangusha nguzo na waya ukakatika karibu na nyumba yako, hakuna tena mzigo wa kuizidi. Kipande kile cha waya kinabaki hai, kimelala kwenye njia ya watoto waendao shule, huku mtaa mzima ukijua kwamba umeme umekatika. Fundi wa laini anapima kabla ya kugusa, mtoto hapimi.

Ndiyo maana inveta inayoruhusiwa kuunganishwa na gridi lazima iwe na ulinzi wake yenyewe: ikihisi gridi imezimika, iache mara moja kupeleka umeme nje. Kwa sababu hiyo hiyo, mfumo wa gridi usio na betri utazimika umeme ukikatika, hata jua likiwa la utosi. Usimlaumu fundi wala usiirudishe inveta dukani. Inamlinda mtu usiyemwona.

Njia halali haina mafumbo. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haikudai leseni ya kuzalisha kama mtambo wako haufiki megawati 1. Lakini kusamehewa leseni si ruhusa ya kujiunganisha. Unapeleka maombi TANESCO, ukieleza ukubwa wa paneli na aina ya inveta. Wao wanaangalia kama laini na transfoma ya mtaa wako vitahimili. Mnaandikiana mkataba. Kazi inafanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, inakaguliwa, na mita yako inabadilishwa ili iwekwe inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Hatua hiyo ya mwisho usiidharau. Mita nyingi za LUKU hazikutengenezwa kwa kazi hiyo: nyingine huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeutumia, nyingine hujifunga zikidhani zimechezewa. Utakuwa umetoa umeme na bado ukaulipia.

Tuzungumze pia fedha, maana mwenye kuuza paneli hatakufanyia hesabu hii. Paneli za kilowati 3 chini ya jua letu, tukikadiria saa 5 za jua kali na kutoa kinachopotea njiani, zinaweza kukupa uniti zipatazo 12 kwa siku. Kwa bei ya T1, ya wateja wa kawaida, iliyopangwa mwaka 2016, Sh292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hizo ni kama Sh3,500 kwa siku. Kwa mwenye nyumba ya wageni, shule, mashine ya kusaga au pampu ya kisima, hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini mteja wa D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi kwa Sh100 kila moja, bili yake kabla ya kodi na tozo haivuki Sh7,500. Huyo asikope ili aunganishe sola na gridi. Paneli moja na betri kwa ajili ya taa umeme ukikatika vinamtosha.

Na kila mtu asome mkataba kabla ya kutia sahihi, aone uniti anazotoa zitahesabiwa vipi. Wenzetu wa Kenya, kwa kanuni zao za mwaka 2024, anayetoa uniti moja hurudishiwa nusu. Usifanye hesabu zako kwa maneno ya dukani.

Kama hutaki kutoa umeme nje, unataka tu sola ishike TANESCO wakikata, fungiwa chenjiova: swichi ambayo ikishika upande mmoja lazima iwe imeachia mwingine. Hapo huhitaji kukumbuka chochote.

Nanyi mafundi wetu, mnaaminiwa kuliko karatasi yoyote. Mteja akikuomba njia ya mkato, mkatalie na umweleze sababu. Kazi utakayoikosa leo si kubwa kuliko msiba. Nanyi wenye maduka ya sola, mwambieni mnunuzi kama inveta anayoichukua ni ya gridi au ya kujitegemea kabla hajalipa.

Kwa TANESCO na EWURA naomba kwa heshima: fomu ya maombi, gharama zake na siku za kusubiri jibu vibandikwe kwa Kiswahili katika kila ofisi ya wilaya, Bahi kama Chamwino, Kondoa kama Manyoni. Makao makuu yenu yapo hapa hapa Dodoma. Mwananchi aliyeiona njia iliyonyooka hana haja ya kupita uchochoroni.

Nawe msomaji, jioni hii ukifika nyumbani, fuata kwa macho waya unaoshuka kutoka kwenye paneli zako hadi unapoishia. Ukiishia kwenye plagi iliyochomekwa ukutani, zima kwanza inveta, kisha ichomoe plagi hiyo leo, usiirudishe tena. Kesho asubuhi nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya yako, uombe.